Gari Hii Haiuzwi

Gari lenyewe lilikuwa zuri. Hilo Adoch hakulikana hata siku moja, na ndilo lililomchoma zaidi. Liliingia kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala, jioni, jekundu la pilipili, milango miwili tu, tumbo chini kabisa, hata kuku waliozoea kupita chini ya magari ya watu wenye akili zao wakalazimika kulizunguka. Watoto walitoka mbio katika kila laini ya nyumba. Nyuma ya usukani alikuwa mumewe, Sajini Ongom, trafiki mstaafu, magoti yamepanda hadi kifuani, uso mzima meno.

Adoch alikuwa ndiyo kwanza arudi kutoka Ggaba, ambako aliuza samaki tangu binti yao Babra yuko mgongoni. Hajavua hata gambuti. Alilitazama gari mbele na nyuma, kisha akatazama barabarani, labda kuna lori linalofuata.

"Mabati yako wapi?" aliuliza.

Kwa maana Ongom alitoka asubuhi kwenda kununua mabati. Kiinua mgongo chake kilikuwa kimetoka baada ya kuzungushwa sana, na kule Kyebando nyumba yao ilikuwa imesimama kuta tupu, inangoja paa. Chumba cha kambini kilikuwa cha serikali; askari mpya alikwisha kuja mara mbili kukipigia hodi, kwa adabu, akiuliza wazee watahama lini. Mvua nazo zilikuwa njiani. Hakukuwa na la kujadili. Ilikuwa ni mabati, na baada ya mabati ni mabati.

"Mabati ndiyo hii," Ongom akasema, akalipiga gari kofi la mapenzi. "Tulia kwanza. Jumamosi harusi, Jumapili harusi, katikati ya wiki watu ya video ya muziki. Miezi miwili nyumba itakuwa na paa, na gari bado iko."

Adoch akampa mgongo. Aliingia ndani akafunga mlango, na jioni ile Sajini alishushia hasira za mkewe kwa chai kavu.

Hebu tumtendee haki Ongom kidogo, ingawa hastahili nyingi. Maisha yake yote ya kazi alisimama juani kwenye makutano ya barabara, magari ya aina ile yakimpita vioo vimefungwa, wenyewe wamekaa kwenye baridi yao. Aliyatamani kimyakimya. Lakini hakuwa mjinga wa magari, na hapo ndipo ninaposhindwa kumvumilia. Madereva walimwogopa. Alikuwa akisimamisha gari, anapiga magoti kwenye vumbi na sare yake safi, anachungulia chini, anatikisa gurudumu kwa mikono, anapitisha kidole kwenye oili. Akiona ubovu, anang'oa namba za gari na kuondoka nazo, ulie usilie. Mtu huyo huyo ndiye aliyenunua gari bila kuinama.

Asubuhi ya pili gari lilikuwa limelala. Sisemi lilikuwa limezimika. Lilikuwa limelala: nyuma kumekaa chini, matairi yamemezwa na bodi. Ongom akasema magari ya bei ndivyo yalivyo, yanapumzika. Alipoliwasha, likatoa mlio wa misumari ndani ya sufuria, likapuliza moshi wa bluu uliowakohoza majirani, kisha pampu ikaguna chini huko, na gari likajiinua taratibu. Likishapata moto lilikuwa tamu. Likipoa, linarudi kuugua. Mvua ya kwanza iliponyesha, buti lake lilijaa maji hata mtu angeweza kufulia nguo humo.

Harusi walipata moja. Bibi harusi alichukuliwa Kyebando, akafika nusu ya njia. Gia ilianza kupiga teke kila linapobadilisha, geji ya joto ikapanda hadi mwisho, mvuke ukafumuka kwenye boneti, na yule binti wa watu akamalizia safari kwa bodaboda, shela ameibana kwapani, akimlaani Sajini kwa lugha tatu. Harusi ya pili haikuja.

Ndipo Adoch akauliza lile swali alilokuwa amelimeza.

"Ulifungua boneti siku ile?"

Ongom alikuwa anakata kucha. Aliendelea kukata.

"Ongom. Ulifungua boneti?"

"Muuzaji alikuwa Odyek," mumewe akasema. "Ningefunguaje?"

Mtu asiyekulia kambini atadhani hilo si jibu. Kambini ni jibu kamili. Nyumba za laini ziligawanywa kwa mabati na mapazia. Ukikohoa, wa chumba cha tatu anakupa pole. Watoto walikula popote njaa ilipowakuta. Kwa hiyo kulikuwa na adabu moja ambayo hakuna aliyemfundisha mwenzake na kila mtu aliijua: kitu kikitoka kwa mtu wa laini yako, hukichunguzi. Akikupimia sukari huichungulii mizani. Akikuazima sufuria huitazami kama imetoboka. Kuchungulia ni kumwambia kwamba mama yake alilea mwizi. Na Odyek, mwenye yadi kubwa ya magari barabara ya Ggaba, alizaliwa laini yao, milango mitatu kutoka kwa Adoch. Mama yake alikuwa mgonjwa mgonjwa, na Adoch ndiye aliyemwogesha Odyek pamoja na Babra katika beseni moja.

"Samaki ya kula jioni moja," Adoch akasema, "mimi nafunua matamvua yake, naangalia kama bado nyekundu, naangalia macho, nanusa. Mvuvi ananisimamia pale na hanuni. Wewe umechukua pesa ya jua yote ile uliyosimamia, umeweka mkononi ya mtu, na hukuinama?"

"Ningeinama mbele yake, angesema Afande ananiona mwizi."

"Na sasa wewe unamwona nini?"

Ongom aliziokota kucha zake sakafuni moja moja, na kwa mara ya kwanza Adoch aliona kwamba mumewe amezeeka.

Walilikokota hadi gereji ya Santo kule Kyebando, wakalipandisha juu ya shimo. Santo alifungua ile plastiki pana inayofunika tumbo la gari, na oili iliyokuwa imefichwa humo ikammwagikia mikononi. Akawaonyesha mito ya hewa inayobeba gari: imepasuka, imebandikwa viraka vya kuzibia tairi za baiskeli. Akawaonyesha paipu za maji za plastiki zilizokauka zikapakwa gundi. Kisha akainamia dashibodi, akatoa kwa ncha ya bisibisi kipande cha tepu nyeusi, kidogo kuliko ukucha. Kilikuwa kimebandikwa juu ya taa ile inayowaka injini ikiwa mbovu.

"Mama, ugonjwa zingine zote nitazisamehe," Santo akasema. "Gari za mchezo hizi zikizeeka ziko hivyo. Hewa inatoka, paipu inakatika, cheni ya ndani inalegea. Hata mwenye kuuza anaweza kuwa hajui. Lakini hii tepu? Mtu hafuniki taa asiyoijua."

Adoch alikichukua kile kipande, akakibandika kwenye ukucha wa kidole gumba, akatoka nacho hivyo hivyo.

Odyek alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa amenenepa vizuri, ananukia, nyuma yake magari yamepangwa yanameta.

"Mama Babra! Mama yangu! Leteni kiti!"

Adoch alikataa kiti, akamwonyesha kidole gumba. Odyek alikitazama, akamtazama usoni, akacheka kidogo.

"Mama, gari ni mitumba. Mimi si kiwanda."

"Afande anasema siku ile aliikuta moto tayari, kwa nini?"

"Ilikuwa imetoka kuoshwa."

"Gari inaoshwa na maji ya moto, Odyek?"

Vijana wa yadi waligeuza nyuso. Odyek akamshika mkono, akamsogeza pembeni, akashusha sauti, na yale aliyoyasema yalikuwa mabaya kuliko kuiba kwenyewe, kwa sababu aliyasema kwa upole, kama mtoto anayemsaidia mzazi wake.

"Mama, usilie. Kurudisha pesa siwezi, iko kwa magari mengine. Lakini nitawaletea mteja. Nyinyi muiwashe mapema ishike moto, ioshwe chini vizuri, hii tepu mrudishe mahali yake. Akija hatafungua kitu. Namjua. Mtapata pesa yenu, mtaweka paa. Sasa hiyo ni vibaya?"

Hapa nisimpake Adoch mafuta. Hakumzaba kibao. Alifikiria zile kuta za Kyebando zinazolowa, akamfikiria yule askari mpya na hodi zake za adabu, akanyamaza. Odyek akauchukua ule unyamavu kuwa ni ndiyo, naye Adoch akamwacha auchukue.

Jumamosi Ongom aliwasha gari tangu kumepambazuka. Liliguna, likakohoa, likapanda. Alikuwa ameliosha chini mwenyewe, amelala chali kwenye matope. Tepu alikuwa ameirudisha. Adoch alivaa gomesi yake ya kanisani, akakaa mlangoni kumngoja mjinga wa kuletwa na Odyek.

Aliyekuja alikuwa Yasiin.

Yasiin, mtoto wa Kulusum! Kulusum Mnubi, aliyekaa chumba cha ubavuni mwao miaka yote, ambaye Babra alipozaliwa na maziwa ya Adoch yakagoma, alimchukua yule mtoto wa Kikatoliki akamnyonyesha titi moja, na la pili akampa Yasiin. Kwa Waislamu kama Kulusum hilo si hisani ya kushukuru na kusahau. Ni undugu, Yasiin na Babra ni kaka na dada mpaka kufa. Kijana alikuwa ameendesha malori ya Juba mpaka mgongo ukamwambia basi, na sasa alitaka kazi ya mjini, ya kubeba maharusi na kulala kwake.

Alimwamkia Adoch kwa kupiga goti. Akalizunguka gari mara moja, macho yanang'aa, bila kuligusa, akanyoosha mkono.

"Gari nimeiona, Mama. Nipe funguo."

"Hufungui boneti?" Adoch aliuliza.

Yasiin alicheka kwa haya, akatazama chini.

"Kwako, Mama? Nifungue boneti kwako? Mama Kulusum akisikia atanifukuza nyumbani."

Adoch alielewa yote papo hapo. Odyek hakuwa amemtafutia mteja. Odyek aliipekua Kampala nzima kutafuta mtu ambaye hawezi kufungua boneti mbele ya Adoch, akampata, akamleta. Adabu ile ile iliyowalea wote katika beseni moja ndiyo aliyoigeuza ndoana, akaitumia kwa Ongom, na sasa alimpa Adoch aishike mwenyewe ili avue mtoto aliyenyonya pamoja na Babra. Na yeye, mwanamke mzima, alikuwa amevaa gomesi na kuketi tayari kuvua!

Alisimama, akaingiza mkono chini ya usukani, akavuta kile kishikio, akalifungua boneti kwa nguvu mpaka Ongom akaruka.

"Inama!" alimwambia Yasiin. "Inama uangalie! Paipu hii ni gundi. Kule chini ni viraka ya baiskeli. Ngoja ipoe uisikie inavyolia. Na hii," akang'oa tepu kwenye dashibodi, "hii ni ya kukufunga macho wewe. Rudisha pesa yako kwa mama yako, na umwambie Adoch alikuwa karibu kukuibia."

Yasiin alitazama injini, akamtazama Adoch. Kisha akafunga boneti taratibu.

"Nitamwambia ulinifungulia," akasema.

Alipoondoka, Adoch hakulia, ingawa Ongom alimngojea alie. Alivua gomesi, akavaa gambuti, akachukua mkebe wa rangi nyeupe ya mafuta waliyoinunua kwa ajili ya milango ya Kyebando. Unajua mjini hapa ndugu wakigombania kiwanja, mmoja anakwenda kuandika ukutani kwa herufi kubwa kwamba nyumba hii haiuzwi, ili mtu asije akatapeliwa. Adoch aliandika hivyo hivyo. Mlango wa kulia, mlango wa kushoto, na juu ya boneti lile jekundu: GARI HII HAIUZWI. Herufi zilipinda, na hakujali.

"Iwashe," alimwambia mumewe. "Ingali moto. Twende Ggaba."

Mkabala na lango la yadi ya Odyek, ng'ambo ya barabara, palikuwa na kibanda cha Perpétue, Mkongomani mkaanga samaki, mteja wa Adoch wa siku zote. Kiwanja kilikuwa cha kwake kwa hati. Aliyasoma yale maandishi, akafuta mikono kwenye kitenge, akaelekeza kwa uma wake mrefu. "Weka tu apa, Mama. Apa watu wote wataiona."

Ongom akalipaki, pua imeelekea lango la yadi. Odyek alivuka barabara mbio, tai inaruka begani.

"Toeni hii kitu! Afande, hii ni kuharibia mtu biashara!"

Na Ongom, ambaye tangu ile harusi alikuwa akiongea kwa kunong'ona, alipata tena sauti yake ya makutano. Alichora mstari kwenye vumbi kwa ncha ya kiatu.

"Barabara inaishia hapa. Kuanzia hapa ni kiwanja ya mtu, na mwenyewe ameruhusu. Uko na swali ingine ya trafiki?"

Kufika adhuhuri gari lilipoa, likajilaza tumbo kwenye mchanga na maandishi yake. Halikuwa na haja ya kufanya kingine. Waliokuja kununua magari walilitazama. Waliokuja kula samaki walimwuliza Perpétue gari hilo linaumwa nini, naye aliwaeleza huku anageuza samaki, tangu beseni hadi tepu, akinyoosha uma kuelekea yadi kila alipofika kwenye jina la Odyek. Siku ya tatu mtu na mkewe kutoka Juba, waliokwisha kukubaliana bei, waliingia yadi na kusema, "Kwanza fungua boneti." Mwingine akasema, "Na mimi." Adoch alikuwa anashusha beseni la samaki aliposikia maboneti yanafunguka, moja baada ya jingine, hadi mwisho wa yadi. Kisha akaona watu wanatoka, na hakuna aliyetoka na gari.

Odyek alituma vijana wabembeleze. Akatuma padri, padri akala samaki, akasikiliza, akaenda zake. Mwisho alikuja mwenyewe, bila tai, akarudisha chote alichochukua, mbele ya Perpétue na wateja wake. Lori la kubeba magari mabovu likamwinua mgonjwa wake kutoka mchangani.

"Na hii rangi, Mama," aliuliza kwa sauti ndogo, "inatoka na nini?"

"Ni ya mafuta," Adoch akasema. "Haitoki."

Mabati yalipanda Kyebando. Mvua iliyowakuta humo iliwakuta wakavu, na Kulusum ndiye aliyekuwa mgeni wa kwanza kunywa chai chini ya paa lile, akilisifia kelele zake. Yasiin alimleta kwa bodaboda aliyoinunua baada ya kuifungua yote vipande vipande mbele ya muuzaji aliyekuwa amenuna.

Kisha asubuhi moja, Adoch anampangia Perpétue samaki mezani, Odyek akavuka tena barabara. Alisimama kidogo, akaamkia, hakuitikiwa haraka. Akanyoosha kidole kwa sangara mkubwa kuliko wote.

"Nifungie hiyo, Mama."

Adoch alimwinua yule samaki, akaingiza vidole kichwani, akafunua matamvua, akamsogezea usoni.

"Angalia."

"Aa, Mama. Kwako mimi siwezi kuangalia. Funga tu."

"Angalia, Odyek."

Perpétue aliacha kugeuza samaki kwenye mafuta. Odyek alitazama kulia na kushoto, akaona kwamba hakuna atakayemwokoa. Mkono wa Adoch haukushuka. Ndipo yule kijana ambaye mikono hiyo hiyo ilimwogesha akainama mbele ya watu wote, akaangalia. Samaki alikuwa wa asubuhi ile ile.